Sahihi Niliyoitia Juu ya Dumu

Karatasi ile niliisaini juu ya dumu la lita 20, uani kwenye kiwanda chetu kidogo cha mawese, barabara ya kwenda Simbo, hapa Kigoma, mwezi wa nane mwaka 2019. Kijana wa baba mdogo aliileta kwa pikipiki, hata injini hakuizima. "Mzee amesema usaini hapa na hapa, benki wanafunga saa tisa." Nilikuwa natoka kupima mafuta na vidole vyangu vilikuwa vimelowa. Nikajifuta kwenye khanga, nikasaini hapa na hapa, nikamrudishia. Kwenye pembe ya karatasi kidole gumba kiliacha alama ya rangi ya chungwa, na nakumbuka nilichowaza wakati pikipiki inaondoka: aibu, nimechafua karatasi ya watu.

Sikuisoma. Zilikuwa kurasa mbili tu, ningezimaliza kabla chai haijapoa. Sikuisoma kwa sababu aliyeituma ni baba mdogo, na kiti changu kwenye bodi ya kampuni ile nilipewa na yeye.

Kampuni tuliisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, mwaka 2017. Wenye hisa walikuwa watatu. Baba mdogo alikuwa na asilimia 60, kwa kuwa kiwanja na mashine ya kukamua vilinunuliwa kwa fedha yake. Asilimia 25 zilikuwa za fundi mmoja mstaafu wa reli, mtu wa Ujiji, ambaye ndiye aliyeifunga mashine na ndiye aliyejua inavyolia ikitaka kuharibika. Zilizobaki zilikuwa za mama mmoja wa Mwandiga. Huyu alikuwa akikamua mawese kwa mikono miaka mingi kabla yetu, na wakulima wa michikichi wa upande ule wote aliwajua kwa majina na kwa madeni yao. Fundi na mama wakaingia wenyewe kwenye bodi. Baba mdogo siku zake zilijaa dagaa na lori kule Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, hivyo akaniweka mimi, karani wa hesabu.

"Wewe utakuwa macho yangu pale," aliniambia.

Nilifurahi mno. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, na ada yangu ya Chuo cha Uhazili Tabora aliilipa yeye baada ya baba kufariki. Mtu wa namna hiyo akikutumia karatasi, mkono unatangulia kuliko macho. Nalisema hili bila kulipuuza, maana nimeona watu wengi hapa Kigoma wakiwa kwenye bodi za kampuni za ndugu zao, za ushirika wao, za matajiri waliowasomesha, na mkono wao unatangulia vilevile. Shukrani ni kitu kizuri. Lakini shukrani yangu kwa baba mdogo ilikuwa deni langu mimi, na siku ile niliilipa kwa mali ya kampuni.

Mwaka mmoja kabla ya sahihi ile, 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amekuja Kigoma na kampeni ya kufufua michikichi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikawa kinazungumzwa kila kijiwe kwa sababu ya mbegu ya Tenera, inayotoa mafuta mengi kuliko Dura ya mababu zetu. Mtu mwenye mashine ya kukamua na kiwanja chenye hati alionekana ana kitu mkononi. Benki nao waliona hivyo hivyo.

Karatasi niliyoisaini lilikuwa azimio la bodi. Lilisema kwamba kampuni inakubali kiwanja chake na mashine yake viwe dhamana ya mkopo wa shilingi milioni 45. Mkopo wenyewe haukuwa wa kampuni. Ulikuwa wa biashara ya dagaa ya baba mdogo. Kampuni haikupata hata senti, haikupewa ahadi, haikupewa chochote. Ilitoa tu.

Kijana alipotoka kwangu alikwenda Mwandiga. Yule mama alinipigia simu. "Mwanangu, umeisoma?" Nikamjibu, "Mzee ameshaipitia, mama." Akasaini. Fundi alipoona sahihi mbili akaweka ya tatu. Watu watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Mimi nilimwegemea baba mdogo, mama akaniegemea mimi, fundi akatuegemea wote wawili.

Mwaka 2020 korona ikafunga mipaka, biashara ya kuvuka ziwa ikadorora, lori likakaa bila mzigo. Marejesho yakaanza kuruka mwezi, kisha miezi. Mwanzoni mwa 2021 nilifika kazini asubuhi nikakuta notisi imebandikwa kwenye geti letu, na wakulima wawili wenye mikungu kwenye baiskeli wamesimama wanaisoma. Mmoja akaniuliza kama apakue au arudi nyumbani. Sikuwa na jibu.

Tulikwenda kwa wakili mmoja wa hapa mjini, eneo la Mwanga, mwanamke wa makamo anayezungumza polepole. Alitandaza nakala ya azimio mezani. Kwenye pembe palikuwa na doa jeusi. Mashine ya kunakili ilikuwa imeondoa rangi ya chungwa, lakini mistari ya kidole changu ilionekana yote. Akaniuliza, "Siku unasaini hii, uliona kampuni inapata nini?"

Nikaanza, "Baba mdogo alisema..."

"Dada," akanikatisha, wala si kwa ukali, "sijamuuliza baba mdogo. Yeye si mkurugenzi. Nakuuliza wewe."

Nilikaa kimya. Ndipo akatueleza jambo ambalo nasikitika kwamba mtu hasimuliwi siku anayopewa ujumbe wa bodi. Sheria yetu ya Makampuni, Sura ya 212, iliyotungwa mwaka 2002, inamtaka mkurugenzi, yaani mjumbe wa bodi, atende kwa nia njema na kwa kile anachoamini yeye kuwa ni maslahi bora ya kampuni. Akalirudia neno hilo: anachoamini yeye. Huwezi kuamini kitu usichokisoma, na imani ya mtu mwingine haiwi yako kwa kutia sahihi. Inamtaka vilevile awe na uangalifu na ujuzi ambao ungetarajiwa kwa mtu wa kawaida mwenye busara aliye kwenye kiti kile, pamoja na ujuzi alionao yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Fundi angeweza kusema namba zilimpiga chenga, mimi nisingeweza.

Wenzetu Kenya wameliandika jambo hili waziwazi katika Sheria yao ya Makampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 144: mkurugenzi lazima atumie uamuzi wake mwenyewe ulio huru. Uingereza waliliandika mwaka 2006, kifungu cha 173. Lakini hata kabla halijaandikwa vitabuni lilikuwa limo kwenye hukumu, na wakili alitusimulia moja ambayo sijaisahau, kwa sababu nilijiona ndani yake.

Ilikuwa kesi ya Uskoti, iliyoamuliwa mwaka 1958 na mahakama ya juu ya Uingereza. Chama kikubwa cha ushirika kilianzisha kampuni ya vitambaa pamoja na wataalamu wawili, mmoja akiitwa Meyer. Chama kilikuwa na hisa nyingi, na kati ya wakurugenzi watano kiliweka watu wake watatu. Baadaye chama kikaona hakihitaji tena kampuni ile, kikaacha kuipelekea malighafi, kampuni ikakauka polepole. Wale watatu waliijua hali hiyo na hawakufanya kitu. Walikaa kwenye bodi ya kampuni huku moyo wao uko kwa aliyewatuma. Mahakama ikasema chama kimewakandamiza wenye hisa wachache, kikaamriwa kuzinunua hisa zao kwa pauni 3 na shilingi 15 kila moja.

"Kuwekwa na mtu si kosa," wakili akasema. "Kampuni nyingi zina wajumbe waliowekwa na mwanahisa, na benki, na serikali. Unaweza kumsikiliza aliyekuweka, unaweza kuyabeba maoni yake hadi mezani. Ila ukishakaa, mwenye haki ya akili yako ni kampuni."

Mama wa Mwandiga akauliza swali ambalo na mimi lilinikaa kooni. Je, tukichukua ushauri wa mhasibu au wa wakili tukaufuata, hatujaiacha akili yetu kwake? Akajibiwa hapana, ushauri ni chakula cha uamuzi, mradi uutafune mwenyewe. Na mkataba ambao kampuni iliukubali kihalali, halafu ukatubana mikono miaka ya mbele? Huo nao si kosa. Kuna kesi ya klabu ya mpira ya Fulham ya London, mwaka 1992, ambapo wakurugenzi walijifunga kwa mkataba kwamba wataunga mkono mpango wa ujenzi wa kampuni nyingine, na klabu ikalipwa kwa hilo. Walipotaka kujinasua wakidai kwamba wajibu wao ni kuamua upya kwa uhuru, mahakama iliwakatalia. Akili huru waliitumia siku ya kuingia mkataba, na klabu ilipata faida yake. Vilevile katiba ya kampuni yenyewe inaweza kuweka mipaka, kwa mfano kwamba jambo fulani lazima lirudishwe kwa wanahisa.

Swali la fundi lilikuwa fupi. "Na mimi niliyesaini kwa sababu wao wamesaini?"

Wakili alimjibu kwa kesi nyingine, ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ya kampuni iliyoitwa Westmid Packing. Mahakama ilieleza kwamba wakurugenzi wanaweza kugawana kazi na kukasimu, lakini kila mmoja ana wajibu wa kujua mambo ya kampuni na kushiriki kuisimamia, na bodi haipaswi kumwachia mmoja awatawale wengine wote. Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliposimama aliniangalia, nikajua anachowaza: mtawala wake siku ile alikuwa mimi, na mimi hata sikujua.

Kulipa deni lile kulituchukua miezi 18. Benki ilikubali tulipe kwa mafungu. Tuliuza tangi la kuhifadhia mafuta, tukauza akiba yote ya mise, yaani kokwa za michikichi, baba mdogo akauza kiwanja chake cha Gungu. Alikiuza bila kunung'unika, na hilo nalihesabu upande wake, maana hakuwa mwizi. Aliamini kwa moyo wote kwamba kampuni na yeye ni kitu kimoja. Vijana wawili waliokuwa wakichochea moto kwenye mapipa tuliwaachisha kazi. Mmoja wao sasa anabeba mizigo mwaloni Kibirizi. Nikipita hunisalimia vizuri kabisa, "Shikamoo dada," na kila mara kitu kinanichoma.

Mwaka 2022, deni likiwa limebaki kidogo, baba mdogo alikuja na pendekezo. Kampuni imuuzie yeye peke yake mawese yake yote, kwa bei moja, kwa miaka 3. Safari hii nilisoma. Nilisoma mara mbili, kisha nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu 2017: kila siku ya soko nilikwenda Mwandiga na daftari, nikaandika bei ya dumu. Nikaomba na daftari la yule mama la mwaka uliotangulia. Namba zilionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja bei ilipanda na kushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Bei ya mkataba ilikuwa karibu na ya chini kabisa.

Kabla ya kikao nilikwenda kwake Ujiji, jioni, nikamkuta amekaa chini ya mwembe. Sikutaka alisikie kwa mara ya kwanza mezani mbele ya watu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, nani alikuweka pale?"

"Ni wewe, baba."

"Basi?"

"Basi nitayasema mawazo yako yote kwenye kikao, baba, na nitasema kwamba ni yako. Lakini nikiulizwa kura, nitapiga ya kwangu."

"Naweza kukutoa."

"Unaweza, baba. Itisha mkutano wa wanahisa, hisa zako 60 zinatosha." Hilo nalo wakili alitufundisha: mkurugenzi huondolewa kwa azimio la kawaida la mkutano, zaidi ya nusu ya kura. Kubadili katiba ya kampuni ndiko kunakotaka robo tatu, na robo tatu hakuwa nazo. Angeweza kuniondoa kwenye kiti. Kuniamuru nikiwa nimekikalia hakuweza.

Hakunijibu. Aliita chai iletwe, tukanywa kimya, nikaaga.

Kwenye kikao nilianza kwa kutangaza udugu wangu naye na kwamba mnunuzi ni yeye, katibu akaandika kwenye muhtasari. Kisha nikaomba niseme wa mwisho. Hili nilikuwa nimeliwaza usiku mwingi. Nikiwa msomi wa meza ile, nikisema kwanza, wenzangu wawili watanifuata kama walivyonifuata 2019, na kufuata uamuzi mzuri bila kufikiri ni kosa lilelile la kufuata uamuzi mbaya, tofauti ni bahati tu.

Mama wa Mwandiga akaanza. Akaliona jambo ambalo mimi na daftari langu hatukuliona. "Humu imeandikwa sisi lazima tumuuzie yeye peke yake. Haijaandikwa popote kwamba yeye lazima anunue. Mafuta yakijaa sokoni akasema leo sitaki, tunayapeleka wapi?" Nikarudia kurasa zile pale pale. Alikuwa sahihi. Miaka yote ile nilimwona kama mtu wa kuelekezwa.

Fundi akaunga mkono mkataba. Sababu zake zilikuwa za kweli: kinu cha mashine kimelika, vipuri vinatoka Dar es Salaam kwa treni, na mnunuzi mmoja wa uhakika ni fedha inayojulikana tarehe. Nilimheshimu kwa kura ile kuliko kwa yote tuliyowahi kukubaliana. Hakumpinga baba mdogo, lakini hakumfuata pia, alikuwa ameangalia kinu akaamua. Watu hudhani kuwa na uamuzi huru maana yake ni kumkatalia mkubwa. Unaweza kukubaliana na mkubwa mia kwa mia, ilimradi njia uliyofikia hapo umeipita kwa miguu yako.

Tulipiga kura, wawili dhidi ya mmoja, mkataba ukakataliwa. Tukamwandikia baba mdogo kumpa nafasi ya kwanza ya kununua nusu ya mafuta kwa bei ya soko ya siku hiyo, na kuagiza kinu kipya kwanza kabla ya kugawana faida yoyote. Kwa muda wa miezi minne hakunisemesha. Kwenye arusi ya binti yake alinipa mkono kama anavyowapa wageni. Mama yangu mzazi aliniambia nimemvunjia heshima aliyetulea, nami sikubishana naye, nilimwonyesha tu notisi ya 2021 niliyoihifadhi. Aliishika muda mrefu. Nafasi ya kunitoa baba mdogo alikuwa nayo siku zote zile. Hakuitumia.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi hadi 15 Agosti, miezi 3 ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kibirizi ikatulia, vichanja vya dagaa vikakaa vitupu, na baba mdogo akawa hana cha kuuza. Wiki chache baadaye ikaja bahasha ofisini, siku ya Jumatatu, nakala tatu, moja kwa kila mjumbe wa bodi. Aliomba kampuni impe mawese kwa mkopo, madumu 200, ayauze dukani mpaka ziwa lifunguliwe. Alipendekeza kikao kiwe Ijumaa. Chini, kwa mkono wake, ameandika: "Naomba msome wote."

Tukasoma. Fundi akataka kujua mafuta yatakaa wapi, mama akataka dhamana, mimi nikataka tarehe za malipo. Tukakubali madumu 80, dhamana ikiwa lori lake, malipo kila baada ya wiki mbili. Nilitangaza udugu wangu tena, ukaandikwa tena.

Alikuja mwenyewe kusaini. Nilimsogezea kiti, nikafuta meza, nikaweka mkataba na kalamu mbele yake. Kalamu aliisukuma pembeni. Akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaanza ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kwenye kifungu cha sita alisimama akauliza kama wiki mbili zinahesabiwa tangu siku ya kuchukua mafuta au siku ya kuuza. Fundi akamweleza. Akasoma mpaka mwisho, chai yake ikapoa, kisha akaomba kalamu.